Lukaya kwa Vizibo vya Soda

Vita vya siku nane tulivipigana kwa siku moja, Jumamosi ya Desemba, katika madarasa matatu ya shule ya msingi hapa Kigera, Musoma. Wachezaji walikuwa 22, waamuzi wanne nikiwemo mimi, na matarishi sita wa darasa la tano na la sita. Majeshi yalikuwa vizibo vya soda 310, vilivyokusanywa kwa wiki tatu kutoka kwenye baa na magenge ya mjini. Vifaru vilikuwa viberiti vitupu, mizinga ilikuwa vifuniko vya kalamu. Mlangoni niliweka ndoo ya plastiki, kila mtu akaacha simu yake humo. Ndoo ile ilileta ugomvi kuliko vita vyenyewe.

Shangazi yangu, ambaye jiko lake ndilo lililotulisha wote wali na maharage, aliniuliza swali ambalo kila mtu aliniuliza: "Yaani mtu anasoma mpaka shahada ya pili, halafu anarudi nyumbani kucheza vizibo?" Nikamwambia ni sehemu ya utafiti. Ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote.

Mchezo wenyewe niliuona kwanza hosteli, Dar es Salaam, kwenye video za Waingereza watu wazima wenye vitambi vyao. Wana askari wadogo wa madini, urefu wa sentimita tatu hivi, waliopakwa rangi mpaka vifungo vya koti. Wanakodi ukumbi, wanagawana majeshi ya mwaka 1815, Napoleon upande huu, Wellington na Blücher upande ule, na kuanzia asubuhi hadi jioni wanapigana kampeni nzima iliyoishia Waterloo. Rangi na vifungo havikunishughulisha. Kilichonikamata ni mzee mmoja aliyekuwa amekaa peke yake chumba cha pembeni akisubiri barua. Alikuwa amepewa nafasi ya Jenerali d'Erlon. Tarehe 16 Juni 1815 yule d'Erlon wa kweli alikuwa na askari kama 20,000, na siku hiyo Wafaransa walipigana mahali pawili, Ligny na Quatre Bras, umbali wa kutembea kwa miguu. Amri moja ikamvuta huku, nyingine ikamrudisha kule. Jua likazama askari wake 20,000 wakiwa wametembea siku nzima bila kupigana popote. Na yule mzee wa kwenye video alikuwa amekaa vilevile, kikombe cha chai mkononi, hajui aende wapi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mchezo huu si bao. Kwenye bao kete zote mnaziona wote wawili; anayeshindwa ameshindwa kwa kuhesabu. Mwaka 1824 ofisa wa mizinga wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo ambao wachezaji hawaioni ramani ya kweli. Anaiona mwamuzi tu. Wewe unaandika amri, mwamuzi anaamua imefika lini, dadu inaamua madhara, kisha unaletewa kipande cha taarifa: vumbi limeonekana kaskazini, idadi haijulikani. Maofisa wa Prussia walijifunzia vita hivyo. H. G. Wells naye akatoa kitabu chake cha michezo ya vita vya sebuleni mwaka 1913, Ulaya ikiwa imebakiza mwaka mmoja tu kuingia kwenye vita vya kweli.

Sasa, mimi nina uhusiano gani na Napoleon? Hakuna. Nina uhusiano na Kagera. Tasnifu yangu inahusu wanamgambo wa mkoa wa Mara waliokwenda vitani mwaka 1978 na 1979, na huku kwetu vita vile vina sura za nyumbani. Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20 kuingia Uganda, alizaliwa Butiama na alifariki mwaka 2024. Kamanda wa Brigedi ya 208 aliitwa Mwita Marwa, na mtu wa Mara hahitaji kuuliza jina hilo linatoka upande gani. Hata hivyo, shuleni tulifundishwa vita vile kama mtu anavyosoma ratiba ya basi: Amin akavuka mpaka Oktoba 1978, daraja la Kyaka likalipuliwa, Mwalimu akasema sababu, uwezo na nia, Mutukula Januari, Masaka Februari, Kampala tarehe 11 Aprili. Unashuka kituo cha mwisho bila kuona kitu njiani.

Na hapa mtaani yupo mzee tunayemwita Afande. Alikuwa mgambo, aliondoka akiwa kijana wa miaka ishirini. Ndiye bingwa wa drafti kijiweni, karibu na mwalo ambako dagaa huanikwa. Anakufunga kwa vizibo sita huku akipiga stori. Nilimhoji mara tatu. Alinieleza lori lililowachukua, alinieleza Kyaka, jinsi mto ulivyokuwa na rangi ya chai ya maziwa, akanieleza Masaka ilivyovunjwavunjwa. Kisha kila mara akaruka moja kwa moja mpaka Kampala, watu wanashangilia barabarani. Kati ya Masaka na Kampala kwake palikuwa na shimo. Mara ya tatu nikamuuliza, "Babu, na Lukaya?" Akasema maji ya kuoga yanapoa, akaondoka.

Baadaye mzee mwingine wa pale pale kijiweni, mshindani wake wa miaka mingi, alinichekea: "Afande ana mguu wa Lukaya, huyo." Mguu wa Lukaya, maana yake mguu wa kukimbia. Nadhani utani huo una umri kunizidi.

Kilichotokea Lukaya kimeandikwa, si siri. Ni mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, na kaskazini yake barabara inapita juu ya tuta katikati ya kinamasi. Muammar Gaddafi alikuwa amempelekea Amin askari, vifaru na makombora. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979 kikosi cha Walibya na Waganda kiliishambulia Brigedi ya 201, iliyojaa wanamgambo, kwa mitambo ya BM-21, ile ambayo watu wa vita vile huiita Saba Saba. Waliouawa na makombora hawakuwa wengi. Lakini brigedi ilitawanyika, watu wakakimbia. Usiku huohuo Brigedi ya 208, iliyokuwa imetumwa kuzunguka kwa ubavu wa magharibi, ikaamriwa kugeuka. Ikatembea usiku, na alfajiri ya tarehe 11 ikatokea kwenye barabara ya Kampala, nyuma ya adui. Watu wa 201 wakajikusanya, wakashambulia kutoka mbele. Walibya wengi walifia pale.

Swali langu la tasnifu lilikuwa kavu: kwa nini kikosi ambacho hakijaumia sana kinakimbia? Vitabu vina jibu la neno moja, hofu. Mimi nilitaka kuona hofu inaingilia mlango gani.

Maandalizi yalinila wiki tatu. Kwenye darasa la katikati, sakafuni, nilichora ramani ya kweli kwa chaki na mkaa: Masaka chini, ziwa kulia, Lukaya, tuta, kinamasi, Mpigi, Kampala juu kabisa. Darasa la kushoto lilikuwa la Watanzania na kikosi cha Waganda wa uhamishoni kilichoongozwa na Oyite-Ojok. La kulia lilikuwa la majeshi ya Amin na Walibya. Makamanda wa brigedi hawakukaa pamoja. Kila mmoja alikuwa na kona yake, na anayetaka kusema na mwenzake aandike. Kizibo kimoja, askari mia moja. Zamu moja, robo saa, ni saa sita za vita. Mapigano yakianza tunaikata, robo saa inakuwa saa moja. Simu ya upepo ilikuwepo, lakini unarusha dadu ya ludo: ikitoka moja au mbili, haisikiki. Hapo amri inaenda kwa tarishi, na mwamuzi anaishikilia bahasha kwa zamu anazoona zinatosha kwa umbali huo. Kizibo kinachogeuzwa tumbo juu kimekufa au kimejeruhiwa. Hilo tulilichukua kutoka kwenye drafti, ambako upande mmoja huchezea vizibo vilivyofunikwa na mwingine vilivyofunuliwa.

Wachezaji niliwachanganya makusudi. Dereva bodaboda mwenye maneno mengi alitaka awe Walden, yule brigedia aliyeitwa Black Mamba; vijana wote walitaka kuwa Walden. Nikampa Brigedi ya 201. Brigedi ya 208 nikampa binti aliyemaliza kidato cha sita, mpole, anayeuza dagaa na mama yake. Upande wa Walibya aliongoza mwalimu wa tempo wa hesabu. Wengi hawakuwahi kusikia neno Lukaya, na waliowahi niliwaomba wanyamaze.

Afande nilimwalika kama mwamuzi. Alikataa. Asubuhi saa tatu nikamkuta ameshakaa kwenye dawati, darasa la katikati, kofia magotini. "Nimekuja kuangalia vizibo," akasema. "Msinihesabu."

Saa za kwanza zilikuwa za fujo, na sitazieleza sana, maana siku ya namna hii ina saa mbili nzima za watu kuuliza kanuni. Mtu mmoja alipeleka batalioni yake ziwani kwa sababu alishika ramani kichwa chini. Matarishi walielewa kabla ya wakubwa. Kufika saa tano walikuwa wanakimbia kwenye veranda miguu peku, bahasha mdomoni, na mmoja akaanza kudai biskuti kutoka pande zote mbili ili afikishe haraka. Nikaacha iwe hivyo. Vita vya kweli vilikuwa na watu wa namna hiyo pia.

Saa nane na nusu kikosi cha Walibya kikaingia kwenye tuta. Nilirusha dadu za Saba Saba mwenyewe, mara nne. Vizibo vitatu vya 201 vikageuka tumbo juu, vitatu kati ya arobaini. Nikaandika taarifa kwa dereva bodaboda jinsi kanuni zinavyotaka, yaani kile tu ambacho mtu aliye pale angekijua: "Makombora mengi kutoka kaskazini. Giza linaingia. Sauti za vifaru. Idadi haijulikani. Kampani ya mbele haijibu."

Na hapo mvua ikashuka. Sikuipanga. Mvua ya Desemba juu ya bati la shule, wanaojua wanajua: hutasikia hata jina lako likiitwa. Kwenye darasa la kushoto mtu hakuweza kumsikia wa dawati la jirani. Dereva akaomba msaada kwa simu ya upepo. Dadu ikatoka moja. Akaomba tena. Mbili. Akatuma tarishi kwa Walden. Bahasha ikakaa mkononi kwa mwamuzi, kwa sababu Walden alikuwa mbali. Akatuma kwa mkuu wa divisheni. Mkuu alikuwa anaandika barua ndefu kwa 208. Robo saa ikapita, ya pili ikapita. Nilikwenda mlangoni kumtazama. Yule kijana wa maneno mengi alikuwa amesimama, mikono kiunoni, anatazama ukuta. Hakuna aliyekuwa anampiga. Alikuwa ndani, pakavu, ameshiba wali. Akainama, akaandika, akampa mtoto: "201 yote irudi Masaka. Sasa hivi."

Niliporudi katikati kuvisogeza vile vizibo 37 vizima, Afande alikuwa ameshuka kwenye dawati, amechuchumaa kando ya ramani. Akaweka kidole kwenye vile vitatu vilivyogeuka.

"Waliokufa ni hawa tu?"

"Ni hao tu, babu."

"Na yeye anajua ni hawa tu?"

"Hajui. Hawezi kujua."

Hakusema kitu. Akabaki amechuchumaa vilevile, na kwa umri wake ule si jambo dogo.

Upande wa 208 nao ulikuwa na yake. Amri ya kwanza ilimwambia yule binti aendelee kaskazini hadi Mpigi. Ya pili, iliyoandikwa saa moja baadaye, ilimwambia ageuke. Ya pili ilifika kwanza kwa sababu simu ya upepo ilikubali. Ya kwanza ilifika baadaye kwa tarishi, ikiwa imelowa. Mbele yake zikawa karatasi mbili zinazokataana, bila saa juu yake, kwa kuwa mkuu wa divisheni alisahau kuandika saa. Nikamkumbuka d'Erlon, nikasema moyoni huyu naye atatembea mpaka jioni. Lakini binti akaziweka sambamba, akazitazama, akamuuliza tarishi: "Hii uliipewa kabla mvua haijaanza au baada?" Mtoto akasema kabla. Binti akageuza brigedi. Hakuna mahali kwenye kanuni nilipoandika kwamba mchezaji anaweza kumhoji tarishi. Wala hakuna mahali nilipokataza.

Alifika kwenye barabara ya Kampala akiwa amechelewa zamu moja kuliko Marwa wa kweli. Walibya wakapigana kurudi nyuma, nusu wakatoka. Ile 201 ilikusanyika upya karibu na Masaka, dereva wetu akiwa amekasirika kiasi cha kuitwaa Lukaya kwa viberiti viwili. Saa kumi na mbili kasoro tukasimamisha. Kwa hesabu za waamuzi Tanzania ilishinda, kwa shida. Kisha tukawaleta wote darasa la katikati waione ramani ya kweli kwa mara ya kwanza, na hiyo kwangu ndiyo saa tamu ya siku nzima: watu 22 wanagundua kwa pamoja walichokuwa wanakiogopa kilikuwa na ukubwa gani. Dereva bodaboda alitafuta vizibo vyake vilivyokufa. Alipoona vitatu akaruka: "Vitatu? Mnanitania! Mimi nilijua nimebaki na kumi!" Watu wakacheka, mtu akapiga mbinja, na sauti kutoka nyuma ikasema hizo ndizo mbio zenyewe sasa.

Afande akasema, "Msimcheke."

Hakupaza sauti, lakini kulikuwa kimya.

"Mimi nilikuwa 201," akasema. "Nilikuwa na umri wake. Jua lilikuwa linazama, yale makombora yakaanza, yanalia yakiwa bado angani. Sikumwona mtu amekufa. Sikumwona hata mmoja. Niliona mtu anakimbia, na nyuma yake mwingine, nikasema hawa wameambiwa kitu ambacho mimi sijaambiwa." Akaelekeza fimbo kwenye ramani yangu. "Na hapa umekosea, binti. Hiki kinamasi umekichora kama kiwanja cha mpira. Mafunjo yalikuwa marefu kupita mtu. Nililala humo mpaka kunakucha, maji hapa," akagusa kifua, "asubuhi tukasikia kwamba tunarudi mbele, tukarudi. Hilo la kurudi nalo mliweke kwenye mchezo wenu."

Mshindani wake wa kijiweni hakuwepo, na ningependa angekuwepo. Wapo walioniambia baadaye kwamba si adabu kuchezea mambo ambayo watu walifia, na nimelifikiria neno hilo kwa uzito. Makaburi ya Kaboya, kule Muleba, yamejaa watu wa vita vile, na kizibo si mtu. Lakini miaka yote nyimbo na gwaride havikumpa Afande nafasi ya kusema sentensi zile, labda kwa kuwa kwenye gwaride hakuna anayeulizwa alijua nini na saa ngapi.

Tulipokuwa tunafagia, matarishi wakipigania biskuti zilizobaki, aliomba aonyeshwe karatasi za darasa la kulia. Nilikuwa nimezihifadhi zote kwenye boksi, amri kwa mpangilio wa zamu, kwa ajili ya tasnifu. Akavaa miwani, akazipitia moja moja kwenye mwanga wa dirishani. Alikuwa anatafuta kitu. Akakipata kwenye karatasi ya mwalimu wa hesabu, ya zamu ile ambayo 201 ilikuwa imeshaondoka na barabara ya Masaka ilikuwa wazi mbele ya Walibya, bila mtu. Mwalimu alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: "Kimya sana mbele. Huenda ni mtego. Tunasimama hapa mpaka asubuhi."

Afande aliisoma, akairudia.

"Usiku wote ule," akasema, "nilikuwa najiuliza mbona hawatufuati."

Akaikunja, akanirudishia, kisha akabadili mawazo akaiomba tena na kuitia mfukoni mwa koti. Nakala nilishapiga picha. Nikamuuliza kama atakuja mwezi wa sita nikiitisha mchezo tena, safari hii na mafunjo yaliyochorwa vizuri.

"Nitakuja. Lakini niweke chumba kile kingine," akasema. "Cha Walibya."